Mgongo Wenye Woga

Kilo 25 za unga wa mahindi si mzigo wa kumvunja mtu. Wanawake wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, hubeba zaidi ya hapo kichwani, mtoto mgongoni, na bado humsalimia kila jirani njiani. Ndiyo maana siku ile ya Agosti 2012, nilipoinama kuuteremsha mfuko kwenye taksi-basi na kitu kikakatika kiunoni kama uzi, nilianza kusikia aibu kabla ya maumivu. Konda alicheka. Nikabaki nimeinama, mikono magotini, nikiangalia viatu vya wapita njia.

Nilidhani yangeisha baada ya wiki moja. Yalikaa miaka saba.

Mgongo wangu hauna la ajabu. Hesabu ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 ilionesha kwamba watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na hakuna hali nyingine ya kiafya inayowafanya wanadamu waishi miaka mingi zaidi wakiwa na ulemavu. Katika umati huo mimi ni punje. Kilichonikalisha kuandika ni maneno matatu niliyoambiwa mara mbili na watu wawili tofauti. Mara ya kwanza yalinitoa machozi. Mara ya pili yaliniponya, au tuseme yalinipa nusu ya maisha yangu, maana kupona ni neno kubwa.

Maneno yenyewe ni haya: iko mu kichwa.

Lakini nianze na picha. Mwezi mmoja baada ya ule mfuko nilipigwa radio katika hospitali moja ya hapa mjini. Daktari aliiweka picha kwenye mwanga, akaonesha kwa kalamu mahali ambapo diski kati ya pingili zilikuwa zimepungua, akasema, "Mama, huu ni mgongo wa bibi wa miaka 70." Nilikuwa na miaka 38. Hakuwa na nia mbaya, nadhani alitaka tu kunieleza kwa lugha nyepesi. Lakini niliingia kwake nikitembea kama mwalimu mwenye maumivu, nikatoka nikitembea kama bibi wa miaka 70. Tangu siku hiyo sikuinama kufagia. Sikuteka maji. Mtoto wangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu, alifundishwa asiniparamie. Nilifunga mkanda kiunoni hata kanisani, na kila nilipotaka kuokota chaki nilimwita mwanafunzi.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote. Kwa watu wa miaka 20, karibu 37 kati ya kila 100 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wa miaka 80, 96 kati ya 100. Hao wote walikuwa wakilala usingizi wao na kubeba mizigo yao. Angepigwa picha yule konda aliyenicheka, huenda naye angeambiwa ni babu.

Maneno matatu ya kwanza yalikuja mwaka wa tatu. Nilikuwa nimeshameza diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuungua, nimepimwa damu, nimelipia skana kwa pesa za likelemba, mchango wetu wa kupokezana. Daktari mwingine, mahali pengine, alizipitia karatasi zote, akazirudisha kwenye bahasha huku jicho lake likiwa tayari kwa mgonjwa aliyesimama mlangoni. "Hamna kitu. Iko mu kichwa."

Mtu wa Lubumbashi akiambiwa hivyo anaelewa mambo mawili: ama wewe ni mwongo, ama wewe ni wazimu. Nilirudi nyumbani sikumwambia mume wangu. Nililia kwenye vyoo vya shule siku ya pili yake, nikanawa uso, nikaenda kufundisha sarufi.

Hospitali ikisema hamna kitu, mtaa haukubali kwamba hamna kitu. Lazima kuna mtu. Kwenye chumba kimoja cha maombi nabii aliniambia kwamba mgongo wangu umefungwa na mwanamke mwembamba wa upande wa baba, mwenye kovu usoni. Shangazi yangu ni mwembamba. Ana kovu usoni, aliangukia jiko la makala alipokuwa mtoto. Mwaka mzima sikuingia nyumbani kwake, sikupokea simu yake, na mihogo aliyoniletea niliwapa majirani. Nimelaumu wengi katika kisa hiki, lakini hilo ni langu mwenyewe, simtwishi nabii wala daktari.

Na ajabu ni kwamba jibu nililolitafuta kwa pesa na maombi nililisikia nikiwa mtoto, kwa baba yangu, bila kujua kwamba ni jibu.

Mji huu ni mji wa moto. Union Minière, kampuni ya shaba, iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka mmoja baadaye shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa. Bomba refu la moshi na terili, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, ndivyo vitu ambavyo mtoto wa Lubumbashi huvichora kabla hajajua kuandika jina lake. Baba hakuwa wa mtambo mkubwa. Alikuwa fundi wa kumimina metali katika karakana ndogo iliyotengeneza vipuri. Jioni moja ya mwaka 1986 alirudi na mkono umefungwa kitambaa kuanzia kiganja hadi kiwiko. Metali ya moto ilimrukia wakati chungu kilipoyumba, na yeye na wenzake wawili walikuwa wamekishikilia kwa koleo. Wangekiachia, kingewamwagikia miguuni. Walikipeleka mpaka mahali pake, wakakiweka chini.

"Nilisikia harufu ya nyama," alituambia, "kabla ya kusikia maumivu. Nikajiuliza nani anachoma nyama saa hizi."

Sisi watoto tulicheka sana. Tulimwomba aisimulie tena na tena.

Daktari wa Marekani, Henry Beecher, aliona jambo la ukoo huohuo kwa majeruhi wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kule Italia. Aliandika mwaka 1946 kwamba wengi wa askari waliochanika vibaya hawakutaka dawa ya kutuliza maumivu walipoulizwa. Na upande wa pili wa sarafu hiyo kuna fundi wa ujenzi wa Uingereza ambaye habari yake ilichapishwa katika jarida la madaktari mwaka 1995: aliruka chini akakanyaga msumari wa sentimita 15, ukatokea juu ya kiatu. Alipiga kelele mpaka wakampa dawa kali ndipo wakaweza kuugusa. Walipomvua kiatu, msumari ulikuwa umepita katikati ya vidole. Mguu haukuwa na hata mkwaruzo.

Huyo fundi hakudanganya. Maumivu yake yalikuwa ya kweli kama ya baba yangu, na pengine kuliko ya baba yangu katika dakika ile. Baba alikuwa na jeraha bila maumivu, fundi alikuwa na maumivu bila jeraha. Kati ya nyama na maumivu kuna mwamuzi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba katika uti wa mgongo kuna kama mlango: habari zinazotoka mwilini hazipiti zote, na ubongo wenyewe hutuma amri ya kuufungua au kuubana. Kwa baba, ubongo uliona hatari kubwa zaidi ni chungu, ukaubana. Kwa yule fundi, macho yaliona msumari, mlango ukaachwa wazi kabisa.

Baba alipona. Kovu lilimkaa mkononi kama ramani, hakuwahi kulilalamikia. Kisha ukaja mwaka 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na karakana ndogo kama ya baba, zilizokula mabaki ya meza hiyo, nazo zilifunga milango. Sina kesi na mtu hapa, wenye kuijua hesabu hiyo wameshaandika. Nasema nilichokiona kwa macho: asubuhi za Katuba zilijaa wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, na wanaume hao, ambao miaka 20 hawakusema "nimechoka", walianza kusema magoti, mabega, kiuno. Baba naye alianza kusugua lile kovu. Miaka 17 limenyamaza, sasa linawaka usiku. Tulimpaka mafuta. Mama alisema ni baridi ya Juni. Ilipofika Oktoba na joto lake, likawa bado linawaka.

Kwa hiyo nilikuwa na shule nzima ndani ya nyumba yetu. Ilinibidi nisubiri mpaka 2019 nimpate wa kunisomea somo.

Alikuwa msichana wa miaka 20 na ushee, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye huku tunamwita kine. Nilimkuta katika chumba chenye mkeka, mpira mmoja na kiti. Nilimpa ile bahasha yangu ya picha, akaiweka chini bila kuifungua. Nilikasirika, bahasha ile nilikuwa nimeilipia. Akadondosha kalamu sakafuni makusudi, akaniambia niiokote. Nilishika ukuta kwa mkono mmoja, nikakata pumzi, nikashuka kama mtu anayeingia kisimani.

"Mama," alisema, "mugongo yako haivunjike. Iko na woga. Na ile woga iko mu kichwa."

Nilichukua mkoba wangu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza swali ambalo lilinirudisha: "Nyumbani kwenu kuna mutu anapiga gitaa?" Baba alikuwa akipiga, alijifunza kwa kumwiga Mwenda Jean Bosco kwenye redio, kama nusu ya vijana wa Katanga wa wakati wake. Akaniuliza: ukikaza uzi wa gitaa kupita kiasi, kitu gani kinatokea? Nikasema unalia hata ukiguswa na upepo. Je, gitaa limevunjika? Hapana. Je, ule mlio ni wa uongo? Hapana.

Nikakaa chini.

Aliniambia kwa Kiswahili chetu cha hapa kile ambacho vitabu hukiita kukazika kwa mfumo wa neva. Mwaka 1983 mwanasayansi Clifford Woolf alionesha kwamba baada ya jeraha seli za uti wa mgongo zinaweza kubaki macho, zikapaza habari ndogo kuwa kubwa. Maumivu yakipita miezi mitatu madaktari huyaita sugu, na mara nyingi kufikia hapo nyama imeshapona zamani, lakini aliyezoea kusikia bado ametega sikio. Tangu 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayatambua maumivu sugu ya namna hii kuwa ugonjwa wenyewe, si kivuli cha ugonjwa mwingine.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwaza lugha yangu, maana mwalimu wa lugha hana pengine pa kukimbilia. Tunasema "mgongo unaniuma", kana kwamba mgongo ni mbwa, umeota meno na kutushambulia kwa nyuma. Lakini papo hapo tunasema "nasikia maumivu", kama tunavyosikia harufu, kama tunavyosikia njaa, kama tunavyosikia wimbo kutoka nyumba ya tatu. Miaka saba nilikuwa nikihangaika na mbwa. Hakuna aliyenishughulikia sikio.

Tiba yenyewe haina la kusimulia barazani. Kutoka kwetu kwenda Soko la Kenya (Kenya ya Lubumbashi, msomaji, si ya Nairobi) kuna nguzo za umeme kando ya barabara. Wiki ya kwanza niliruhusiwa nguzo mbili kwenda na mbili kurudi. Nilimwambia naweza tano. Akasema ndiyo maana uko hapa. Na kweli, desturi yangu ilikuwa siku njema nifue nguo zote za nyumba, kisha nilale siku tatu. Mwili ukajifunza kwamba kila furaha ina adhabu yake. Nguzo mbili, hata kama nasikia nguvu ya kumi. Nguzo mbili, hata kama nasikia maumivu. Kila wiki nguzo moja zaidi. Desemba nilifika sokoni, nikanunua kapenta ambazo sikuzihitaji.

Kitu cha pili kilikuwa daftari. Kila usiku niliandika namba ya maumivu, sifuri hadi kumi, na pembeni mambo ya siku hiyo. Nilitegemea kuona namba kubwa siku za kazi nzito. Baada ya miezi miwili niliisoma kwa kalamu nyekundu, kama kazi ya mwanafunzi. Siku za tisa zilikuwa siku ambazo mshahara ulichelewa. Siku ambayo kijana wangu hakurudi mpaka saa sita usiku. Siku umeme ulipokatika nikiwa na karatasi 54 za mitihani. Siku ya kufua mablanketi ilikuwa nne. Namba hazimwonei mtu haya.

Tatu ilikuwa pumzi, na hapa niliasi kidogo. Kine alinifundisha kuvuta hewa mpaka tumboni na kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta. Mimi nilichukua rozari ya marehemu mama, pumzi moja kwa kila punje. Kule Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafundisha watu wenye maumivu sugu utulivu alioutoa katika mafundisho ya Kibudha. Sidhani mama angekasirika. Nilikuwa sifukuzi maumivu. Niliyaacha yakae kwenye kiti chao huku mimi nikihesabu punje. Ukiyafukuza hurudi na ndugu zao.

Na nne, maneno. Nilikatazwa kusema "mgongo wangu umelika". Nilitakiwa niseme kilicho kweli: "Leo mgongo wangu unasikia sana." Niliona ni upuuzi wa kitoto. Kisha nikakumbuka sentensi moja ya bibi wa miaka 70 ilivyonizeesha kwa dakika tano, nikaacha kubisha.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2020 wataalamu walipitia majaribio 75 ya tiba za kisaikolojia kwa maumivu sugu, yenye watu zaidi ya 9,000, wakakuta tiba ya kubadili fikra na mwenendo inasaidia, ila msaada wake kwa wastani ni mdogo. Jaribio lingine, la Colorado, lililochapishwa mwaka 2021, lilitoa matokeo makubwa zaidi: watu 50 wenye maumivu ya mgongo walifundishwa kuyaona maumivu kama kengele isiyo na moto, na theluthi mbili walimaliza wakiwa hawana maumivu au karibu hawana. Ni jaribio moja, na Colorado si Katuba. Kwangu mimi namba ya kawaida ilishuka kutoka saba hadi tatu, na Juni ya mitihani hupanda tena hadi tano. Tatu ni namba unayoweza kuishi nayo.

Kuna pia wasemao kwamba kuzungumza na mtaalamu juu ya mawazo ni mambo ya Wazungu. Hao ningewatuma Kivu ya Kusini. Huko, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wanawake waliopitia ukatili wa vita walikutana kwa vikundi wakifanya tiba ya mazungumzo, wakiongozwa na Wakongo wenzao ambao wengi hawakuwa na shahada yoyote. Miezi sita baadaye, 9 tu kati ya 100 walikuwa bado na dalili nzito za huzuni na wasiwasi, dhidi ya 42 kati ya 100 katika vijiji vilivyopata msaada wa kawaida. Haikuwa tiba ya mgongo, najua. Lakini kichwa kilichotibiwa kule ndicho hikihiki kinachousikiliza mgongo.

Na tafadhali, asitokee mtu akaweka ukurasa huu mahali pa daktari. Kifua kikuu hushika uti wa mgongo, na huku kwetu kipo. Homa ya jioni, jasho la usiku, kukonda, miguu kulegea, mkojo kutoka wenyewe au kugoma: hapo usihesabu nguzo, kimbia hospitali. Mtoto mwenye selimundu akisema mifupa inamuuma, mishipa ya damu imeziba kweli. Nami pia nilipaswa kupimwa kwanza. Kosa halikuwa vipimo. Kosa lilikuwa kwamba vipimo vilipokuwa safi, mazungumzo yaliishia hapo, wakati ndipo yangeanza.

Kwa shangazi nilikwenda mwaka 2020, shule zilipokuwa zimefungwa kwa ajili ya korona. Nilisimama mlangoni na barakoa usoni, nikapiga magoti, jambo ambalo mwaka uliotangulia nisingeliweza. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Aliniangalia muda, akaniambia, "Mwanangu, ingia, bukari inapoa."

Alifariki mwaka uliofuata. Kwenye kilio nilikaa chini mkekani siku tatu pamoja na wanawake wa ukoo. Mgongo uliuma, kama migongo ya wote tuliokaa pale.